Sura ya Sita: Muflisi wa Ziwa Mweru

Kila mwaka, ifikapo tarehe 1 Desemba, serikali ya Zambia hufunga uvuvi wa Ziwa Mweru hadi mwisho wa Februari, ili samaki wapate kuzaa wakati wa mvua, na kwa miezi hiyo mitatu watu wa Puta na Nchelenge, wa soko la Kashikishi na wa visiwa vya Kilwa na Isokwe, ambao riziki yao, kama si yote basi sehemu yake kubwa, hutoka majini, hulazimika kuishi kwa akiba waliyoiweka, na wasioweka akiba, nao ndio wengi, huishi kwa karadha watakayoipata. Sina ugomvi na amri hiyo. Samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, alivuliwa hata akatoweka yapata mwaka 1950, na ziwa lililokwisha kupoteza samaki mmoja kwa tamaa ya watu laweza kupoteza wa pili. Lakini gharama ya hifadhi hii humwangukia mvuvi peke yake, ambaye kalenda yake ya samaki imekuwa pia kalenda ya madeni: Desemba hukopa kwa ajili ya unga, Januari hukopa kwa ajili ya sare na madaftari ya watoto, Februari hukopa ili atengeneze nyavu na kuziba mtumbwi, na Machi, ziwa linapofunguliwa, hudaiwa yote kwa mkupuo.

Tumchukulie mvuvi mmoja wa namna hiyo, ambaye simpi jina kwa sababu wenziwe ni wengi mno. Ana mtumbwi wa mbao, ana nyavu za kuvulia samaki aitwaye pale, na akijaliwa ana taa za betri za kuvulia chisense usiku, wale dagaa wadogo ambao wanawake huwaanika mchangani na kuwafunga magunia ya kupelekwa Copperbelt na hata Kasumbalesa. Anadaiwa na watu watano. Wa kwanza ni mwenye duka aliyempa unga, sabuni na mafuta kwa kuandika daftarini. Wa pili ni tajiri wa samaki aliyempa nyavu mpya kwa sharti la kuuziwa yeye samaki wote watakaonaswa, kwa bei atakayoitaja yeye, nayo ni desturi kongwe, kwani uhusiano wa namna hii baina ya tajiri na mvuvi wake umekuwako katika bonde la Luapula tangu zama ambazo Wagiriki wa Kasenga, ng'ambo ya Kongo, walikuwa wakinunua samaki wa kuwalisha wachimba shaba wa Elisabethville, mji uitwao leo Lubumbashi. Wa tatu ni mtoaji wa mikopo ya riba iitwayo kaloba, ambaye hakai ofisini wala hana leseni, ingawa Sheria ya Wakopeshaji, Sura ya 398 ya sheria za Zambia, yamtaka awe nayo; riba yake ni nusu ya mkopo kwa mwezi, na pengine ni sawa na mkopo mzima. Wa nne ni wenzake wa chilimba, yaani upatu, ambao zamu yake ya kupokea ilipofika alipokea, na zamu za kutoa zilipofuata hakutoa. Wa tano ni shemeji yake, ambaye haandiki popote lakini hasahau.

Kati ya hao watano, atakayemwangamiza ni yule wa tatu, na hesabu yake si ngumu. Kwacha 2,000 zilizochukuliwa mwanzo wa Desemba kwa riba ya nusu kwa mwezi huwa 3,000 mwanzo wa Januari. Asipolipa, riba hupandishwa juu ya riba, zikawa 4,500 mwanzo wa Februari na 6,750 siku ziwa linapofunguliwa. Mvuvi hajatia wavu majini hata mara moja, na deni limekwisha kuzidi mara tatu ya kile alichokipokea mkononi. Usiku wa kwanza wa Machi, basi, anaingia ziwani akiwa mtumishi wa mtu mwingine, na upepo ukichafuka wiki hiyo, au samaki wasipotokea, mtoaji wa kaloba hangoji wiki ya pili: huja asubuhi na vijana wawili, akachukua wavu, au taa, au mabati ya nyumba, na kwa desturi ya pwani hiyo watu wa jirani husimama wakitazama, kwa kuwa kila mmoja wao ana deni lake na hajui kesho yake.

Hapa ndipo msomaji apaswapo kutua, kwa maana katika kitendo hiki cha kuchukua wavu ndimo ilimo sababu yote ya kuwako kwa sheria za ufilisi duniani. Aliyechukua wavu amelipwa. Wale wanne wengine, ambao baadhi yao walitangulia kukopesha na walikopesha kwa insafu zaidi, hawatalipwa kamwe, kwa sababu chombo ambacho kingewalipa kimeuzwa Kashikishi kwa nusu ya bei. Mdeni amepoteza kazi. Wawia wanne wamepoteza fedha. Na aliyefaidika ni yule tu aliyewahi na aliyekuwa mkali kuliko wenziwe. Pasipo sheria, mdeni akishaonyesha dalili za kuanguka, kila mwia hukimbilia mlangoni pake ili asiwe wa mwisho, na mbio hizo zenyewe humwangusha mtu ambaye yamkini angesimama lau angepewa muhula. Sheria ya ufilisi, kwa asili yake, ilikuja kuzizuia mbio hizo: huwaambia wawia wote wasimame walipo, humteua mtu mwaminifu akusanye mali ya mdeni, hugawa mali hiyo kwa uwiano wa kila deni, kisha, hili likiwa ndilo lililochelewa kuingia na ndilo lililo kubwa, humwambia mdeni aliyesema kweli: nenda, yaliyosalia umesamehewa.

Wazo la mwisho hilo halikuzaliwa na wanasheria. Wakristo wa Luapula, ambao ni wengi, wanaisoma katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 15, amri ya kuachilia madeni kila mwaka wa saba. Na Waislamu wanaijua aya ya 280 ya sura ya Baqara, inayomtaka mwia amngoje mdeni aliye katika dhiki hadi apate wasaa, na kumweleza kwamba kusamehe ni bora kuliko kungoja. Dola za Ulaya zilichelewa sana kufika huko. Nchini Uingereza mdeni alikuwa akitiwa gerezani, akakaa humo asifanye kazi ya kumpatia fedha za kulipia, jambo ambalo mtoto mdogo angeona halina akili. Baba yake Charles Dickens alifungwa Marshalsea, London, mwaka 1824, kwa pauni 40 na shilingi 10 alizokuwa akidaiwa na mwoka mikate. Ni Sheria ya Wadeni ya mwaka 1869 iliyoondoa kifungo hicho kwa mtu asiye na uwezo, ikakibakiza kwa yule aliye na uwezo akakataa, na sheria za ufilisi zilizofuata, ya 1883 na ya 1914, ndizo zilizokamilisha utaratibu wa kumpokea muflisi, kumhoji hadharani, kuigawa mali yake na kumfungua.

Zile zilizotangulia mwaka 1911 zilifika Mweru kwa njia ya amri. Kwa mujibu wa sheria za Zambia, sheria zote za bunge la Uingereza zilizokuwa zikitumika huko tarehe 17 Agosti 1911 zilihesabiwa kuwa sheria za Rhodesia ya Kaskazini, na hivyo mvuvi wa Puta, chini ya mfalme wake wa Kibwile, alijikuta siku moja akitawaliwa katika jambo la madeni na kanuni zilizotungwa kwa ajili ya wauza vitambaa wa Manchester, ilhali hakuna aliyemwarifu. Baada ya uhuru Zambia ilitunga Sheria yake ya Ufilisi, ya mwaka 1967, nayo ndiyo Sura ya 82 hata leo. Lakini aisomaye akiwa ameisoma ile ya Kiingereza ya 1914 atauona ufanano wa mtoto na mzazi. Mwaka 2017 bunge la Lusaka lilitunga sheria mpya kwa ajili ya makampuni yanayoanguka, likayapa njia za kuokolewa kabla ya kuzikwa. Binadamu aliachwa na ile ya zamani.

Nisiseme kwamba sheria hiyo ni mbaya. Mdeni mwenyewe aweza kwenda mahakamani akakiri kwamba hawezi kulipa. Mahakama ikitoa amri ya kupokea mali yake, mwia yeyote asiye na rahani hawezi tena kumshitaki pasipo ruhusa ya mahakama. Ofisa wa serikali huchukua hesabu ya alicho nacho na anachodaiwa. Wawia hukutanishwa, na wakikubali sehemu ya deni badala ya deni zima, mambo huisha kwa sulhu. Wasipokubali, hutangazwa kuwa muflisi, mali hugawanywa, na baadaye huomba kufunguliwa. Akifunguliwa, madeni ya nyuma hayamfuati tena, isipokuwa machache, kama yale yaliyopatikana kwa hila. Mwenye duka la Lusaka mwenye wakili, nyumba yenye hati na vitabu vya hesabu, aweza kupita katika mlango huu akatokea upande wa pili akiwa mtu mzima. Mashaka yangu ni juu ya mlango wenyewe, pale ulipojengwa na kimo chake.

Kwanza, kesi ya ufilisi husikilizwa na Mahakama Kuu. Mahakama ambayo mvuvi anaijua ni mahakama ya mwanzo ya kijijini, inayohukumu kwa mila, na ya pili yake ni ile ya hakimu wa wilaya. Hizo zote mbili zaweza kumwamuru alipe, zote mbili zaweza kuamuru vitu vyake vikamatwe, wala hakuna hata moja iwezayo kumsamehe. Huruma ya sheria imewekwa mbali naye, na ukali wake umewekwa karibu. Kutoka Nchelenge hadi Mansa, makao makuu ya mkoa, ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Puta, iliyo mbele zaidi kaskazini kuelekea mpaka wa Pweto, ni mbali kuliko hapo. Na mtu asiye na nauli ya kumpeleka mtoto hospitalini hataweka amana ya mahakama na ujira wa wakili ili athibitishe kuwa hana kitu. Huu ni mzaha mchungu wa sheria hii popote ilipo, kwamba kufilisika rasmi kunahitaji fedha.

Kisha ipo habari ya mali yenyewe. Sheria ya Kiingereza ya 1914 ilimwachia muflisi zana za kazi yake, nguo na matandiko yake na ya mkewe na wanawe, mradi thamani ya vyote isizidi pauni 20. Na sheria za makoloni, na zile za baada ya uhuru zilizoiga, zilichukua wazo hilo pamoja na desturi yake mbaya ya kutaja kiasi cha fedha. Fedha hazikai mahali pamoja. Zambia iliacha pauni ikachukua kwacha mwaka 1968, kwacha ikaporomoka hata watu wakahesabu kwa mamilioni, na tarehe 1 Januari 2013 ikakatwa sifuri tatu. Kiasi chochote kilichoandikwa katika zama za mwanzo hakiwezi leo kumkinga mtu hata ndoana zake, seuze wavu na mtumbwi. Lau watunga sheria wangeandika kwa majina ya vitu, wakasema wavu, mtumbwi, jembe, cherehani na baiskeli, kinga hiyo isingeliwa na mfumuko wa bei.

Ardhi nayo haimsaidii, wala haimdhuru. Sehemu kubwa ya ardhi ya Luapula ni ya mila, chini ya machifu, na mtu hapewi hati ila kwa kufuata utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1995. Benki haipokei rahani ya shamba lisilo na hati, na kwa sababu hiyo hiyo mwia hawezi kulinyakua. Kwa hiyo uzito wote wa mikopo umeviangukia vitu vinavyohamishika, na mwaka 2016 ilitungwa sheria mahususi, ya rahani juu ya mali inayohamishika, pamoja na daftari la taifa la kuziandikisha, ili mtu asiye na ardhi aweze kukopa kwa dhamana ya mashine yake, mifugo yake, mazao yake au zana zake. Waliotunga sheria hiyo walikusudia wema, nami nadhani wamewasaidia wengi. Lakini izingatiwe namna inavyokutana na ile ya ufilisi: mwia mwenye rahani husimama nje ya mgawanyo, akachukua kilicho chake kabla ya wengine kuitwa, kwa hiyo mvuvi aliyeandikisha wavu na injini ya boti kuwa rahani hana tena zana ambazo sheria ya ufilisi ingemkingia, kwa kuwa amekwisha kuziondolea kinga hiyo kwa sahihi yake mwenyewe. Sheria moja inampa, nyingine inamruhusu agawe alichopewa, na atakayegawa ni yule aliyebanwa zaidi.

Aibu nayo ina sehemu yake. Katiba ya Zambia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inamzuia muflisi ambaye hajafunguliwa asigombee ubunge wala urais, na sheria inamtaka amweleze hali yake kila atakayemkopa kiasi kilichotajwa. Mvuvi hana haja ya ubunge. Lakini katazo kama hilo humfundisha kila asikiaye kwamba muflisi ni mtu mwenye ila, na kwa hiyo mwalimu wa shule, muuguzi wa zahanati au karani wa halmashauri, ambao wangeweza kuitumia sheria hii kwa urahisi kuliko mvuvi, huona afadhali kumwachia mkopeshaji kadi ya benki na namba ya siri, mshahara ukaingia na kutoka siku ile ile, kuliko jina lao kuandikwa katika gazeti la serikali. Kwa watumishi hao serikali imejaribu katika miaka ya karibuni kuyabadilisha madeni yao kuwa ya riba nafuu, na imefanya vyema. Tena wao wana mshahara wa kukatwa. Msamaha hupenda kumfuata mwenye kitu.

Jambo hilo si la Zambia peke yake, na mtu wa pwani alijue. Miaka ya 1930, bei ya karafuu ilipoanguka, wenye mashamba wa Unguja na Pemba, Waarabu na Waafrika, walikuwa wamezama katika madeni ya matajiri wa Kihindi hata ikahofiwa mashamba yote yatahama mikono. Serikali ya Zanzibar, mwaka 1934, ikapiga marufuku kuwahamishia wengine ardhi pasipo idhini, ikasimamisha utekelezaji wa madeni, ikakipa nguvu Chama cha Wakulima wa Karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi walilalamika, Wahindi wa Bara Hindi wakasusia karafuu mwaka 1937 na 1938, na mwishowe yakafikiwa mapatano. Katika kishindo chote hicho, kilichofika hata mezani pa mawaziri wa London, aliyetetewa ni mwenye miti. Mchumaji wa karafuu, ambaye naye alikuwa na deni dukani, hakutajwa na yeyote. Na katika zama zetu, tarehe 13 Novemba 2020, jamhuri ya Zambia yenyewe ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 42.5 ya hati zake za mkopo, ikawa mdeni aliyeanguka mbele ya macho ya dunia. Ikapewa muhula. Mwezi Juni 2023 nchi zinazoidai zilikubali kupanga upya dola bilioni 6.3, na mwaka uliofuata wenye hati wakafanya vivyo hivyo kwa kiasi cha dola bilioni 3. Hakuna aliyekuja Lusaka asubuhi na vijana wawili kuchukua mabati ya ikulu, wala sisemi ilipasa aje; nasema kwamba nchi iliyoonja faraja ya kuambiwa lipa kwa kadiri uwezavyo ina wajibu wa kuitafutia faraja hiyo njia ya kufika Puta.

Kwa sasa mdeni wa Puta hujitafutia njia zake, nazo ni mbili. Ya kwanza ni ukoo. Kwa watu wa Luapula, ambao huhesabu nasaba kwa mama, deni la mtu si lake peke yake. Mjomba huulizwa, kaka wa mama mmoja huulizwa, na ukoo hukaa ukachanga, hasa deni likiwa limegeuka kesi. Hata mauti hayalifuti, kwa kuwa anayerithi jina la marehemu hurithi na mahusiano yake, pamoja na wale waliokuwa wakimdai. Wapo wanaolisifu jambo hili kuwa ndilo ufilisi wa Kiafrika, ulio na utu kuliko ule wa vitabuni. Nami nakubali kwa nusu. Ukoo humwokoa mtu, lakini humwokoa kwa kuwakopesha wengine umaskini wake. Na katika karne ya kumi na tisa, ambapo misafara ya akina Hamed bin Muhammed, aliyeitwa Tippu Tip, ilipita nchi ya chifu Nsama kwa bidhaa za mkopo kutoka kwa matajiri wa Zanzibar kama Taria Topan, ukoo uliolemewa uliweza kumtoa mtoto wa dada akawa rahani mikononi mwa mdai. Mila ina huruma, na mila ina kumbukumbu zake. Asiyezitaja zote mbili anapamba.

Njia ya pili ni maji. Usiku mmoja mtumbwi huelekea magharibi, na asubuhi mdeni yuko Kilwa ya Kongo au Pweto, anazungumza Kiswahili cha Katanga, na daftari la Kashikishi halimfikii. Zipo familia zilizoishi pande zote mbili za ziwa kwa vizazi, na kwao kuvuka si kuhama. Cha ajabu ni kwamba huko aendako sheria ni ya nasaba nyingine kabisa: Kongo iliingia mwaka 2012 katika umoja wa sheria za biashara uitwao OHADA, na kanuni za umoja huo juu ya ufilisi, zilizorekebishwa mwaka 2015, zimemtaja waziwazi mtu binafsi mwenye kazi yake mwenyewe, iwe ya biashara, ya ufundi au ya kilimo, na kuweka utaratibu mwepesi kwa shughuli ndogo. Kwa maandishi, basi, fundi wa Pweto yuko karibu na msamaha kuliko mvuvi wa Puta. Kwa vitendo, umbali wa mahakama upande ule si mdogo kuliko huku, nami sitamshauri mtu avuke ziwa kwa ajili ya kifungu cha sheria.

Asiyevuka na asiye na ukoo hutishwa kwa polisi. Zambia iliridhia mwaka 1984 mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na za kisiasa, ambao kifungu chake cha 11 kinakataza mtu kufungwa kwa sababu tu ameshindwa kutimiza ahadi ya mapatano. Na Sheria ya Wadeni, Sura ya 77, ni ya ukoo ule ule wa 1869. Hata hivyo mwia mjanja hasemi kwamba amekopesha akakosa kulipwa, husema kwamba ametapeliwa, na neno hilo hulifanya deni kuwa jinai. Mdeni huitwa kituoni, hukalishwa benchi mchana kutwa, na ndugu zake hukimbia huku na huko kutafuta fedha. Nchini Kenya, mwaka 2010, Jaji Martha Koome, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu mwaka 2021, aliutegemea mkataba huo huo kukataa mdeni apelekwe kifungo cha madai. Si kila jaji wa nchi hiyo aliyemfuata, lakini hoja yake ni safi, na hakimu wa Nchelenge aweza kuisoma.

Kenya ina jambo jingine la kufaa kuigwa. Sheria yake ya Ufilisi ya mwaka 2015 iliweka utaratibu wa mdeni asiye na mali: mtu mwenye madeni yasiyopungua shilingi 100,000 wala kuzidi 4,000,000, asiye na kitu cha kuuzwa wala njia ya kulipa, aliye mkweli na ambaye hajapitia njia hiyo kabla, hupeleka maombi kwa ofisa wa serikali pasipo kwenda kwa jaji; akikubaliwa, wawia husimama, na baada ya miezi 12 madeni yake hufutika. Kima cha chini nakikosoa, kwa kuwa mtu maskini huangamizwa na deni dogo kuliko hilo. Mengine yote yangefaa kupakiwa kama yalivyo na kushushwa Zambia, kazi hiyo akapewa hakimu wa wilaya, na wavu na mtumbwi vikatajwa kwa majina yao kuwa haviguswi, hata na mwenye rahani, isipokuwa yule aliyemkopesha mvuvi fedha za kuvinunulia.

Nitaambiwa kwamba wakopeshaji watafunga mikoba yao, na mvuvi atakufa njaa mwezi wa Januari. Hoja hii si ya kudharauliwa, kwa maana mkopo wa Desemba ni chakula. Lakini atakayefunga mkoba wake kwa kuogopa msamaha wa miezi 12 ni yule ambaye biashara yake husimama juu ya kunyakua, na mwenye duka, na chilimba, na tajiri wa samaki mwenye busara, ambao faida yao hutoka kwa mvuvi anayevua, watakopesha kwa moyo mkunjufu zaidi wakijua kwamba hakuna awezaye kuwatangulia usiku akaondoka na wavu. Wazee wa Bunge walipime hilo kabla ya kuliogopa.

Nawe msomaji, ukiwa ndiwe mwia wa mtu wa Puta au wa kwingineko, huna haja ya kulingoja bunge. Machi itakapofika, kabla hujaenda kuchukua chochote, uliza wengine wanaomdai ni akina nani, waite, mkae naye mbele ya mkuu wa kijiji, muandike kila mmoja kiasi alichotoa kwa mkono wake, mfute riba iliyozidi mtaji, mpange sehemu ya kila mmoja kwa kila gunia litakalouzwa, mtie sahihi, na mumwachie wavu wake.